Kisanduku cha kutafutia chenye mgawo wa mapato: kinalipa?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina tovuti hapa Kigoma, niliyoitengeneza kwa programu ya WordPress. Naweka bei za dagaa, migebuka na mawese, pamoja na ratiba za meli na treni. Napata wageni kama elfu sita kwa mwezi, karibu wote wanatumia simu. Majuzi nimepokea barua pepe ya kampuni ya nje: niweke kisanduku chao cha kutafutia, watu wakitafuta kupitia pale nipate asilimia 80 ya mapato. Rafiki yangu ananiambia niachane nao, nichukue cha Google. Mwingine anasema hela ipo, maana kila mtu akitafuta mwenye tovuti analipwa. Je, inalipa kweli? Na tovuti haitakuwa nzito? Wageni wangu wananunua bando la kubana."

Habari ni njema, ndugu yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate: kwa tovuti ya ukubwa huo na maudhui hayo, mgawo wa mapato ya kutafuta hautakulipia hata vocha ya mwezi. Kisanduku chenyewe, hata hivyo, unakihitaji. Weka cha kwako, kisicho na matangazo. Kitakachokufaa ni yale maneno ambayo wageni wataandika ndani yake.

Rafiki yako wa pili amekosea jambo la msingi, na wengi hulikosea hivyo hivyo. Hakuna anayelipwa kwa sababu mtu ametafuta. Malipo huja pale mgeni anapotafuta, tangazo linapotokea juu ya matokeo, na mgeni yule akalibofya. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, umepata sifuri.

Tangazo hutokea kwa mnada. Mtangazaji huchagua maneno anayoyataka, eneo la watu anaowalenga na lugha yao, kisha hutaja kiasi cha juu atakacholipa kwa mbofyo mmoja. Mgeni akiandika neno na kubonyeza tafuta, mfumo unawapambanisha wote waliolichagua neno hilo kwa eneo hilo, na washindi wanaonekana. Maneno kama bima ya gari, mkopo, tiketi za ndege au hoteli yana watu wanaoyagombania, kwa sababu mteja mmoja akipatikana analeta pesa nyingi. Sasa jiulize ni nani amekaa Dar es Salaam au Nairobi akaweka pesa kwenye maneno "bei ya dagaa Kibirizi leo" au "treni ya Tabora inafika saa ngapi". Pasipo mgombea hakuna mnada, na kisanduku kitaonyesha matokeo peke yake bila tangazo lolote. Si kwamba wageni wako hawana thamani. Wanachokitafuta tu hakina mtu aliyejipanga kukilipia kwa mtindo huo.

Mgawo wa Google kwa matangazo ya kutafuta unafahamika tangu walipoutangaza mwaka 2010: mwenye tovuti hupata asilimia 51. Usiuchanganye na ule wa matangazo ya kawaida yanayokaa katikati ya makala, ambayo huwa karibu asilimia 68, na tangu mwanzoni mwa 2024 hulipwa kwa kuonekana badala ya kubofywa. Mikataba hiyo ni miwili tofauti. Ukisikia mtu anasema "AdSense inanilipa vizuri", yaani huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti kwa matangazo, muulize ni upande gani. Mara nyingi ni huo wa pili.

Tupige hesabu. Namba nitakazotumia ni za kukadiria, nawe unaweza kuweka zako. Tuseme kati ya wageni elfu sita, watatu katika kila mia wanatumia kisanduku: hayo ni matafuto 180 kwa mwezi. Wengine hawatakigusa kabisa, maana simu yao tayari ina sehemu ya kutafutia juu ya kivinjari. Tuseme theluthi moja ya matafuto hayo yanapata tangazo. Kwa maneno ya Kigoma huo ni ukarimu mkubwa. Yanabaki 60. Wanaobofya wawe wanne kwa mia: mibofyo 2.4. Kila mbofyo ulete senti sita za dola: jumla senti 14. Chukua asilimia 51 yake, unabaki na senti saba za dola kwa mwezi.

Google hailipi mpaka salio lifike dola 100. Kwa senti saba kwa mwezi utafika baada ya zaidi ya miaka 110. Zidisha mapato hayo mara kumi, useme nimekuwa na roho ya korosho kwenye makadirio yangu, bado ni miaka kumi na moja. Hapo ndipo ilipo shida: kiasi ni kidogo, halafu kile kidogo hakitoki kwenye akaunti kikafika mfukoni.

Hiyo asilimia 80 ya kampuni ya nje inasikika kubwa kuliko 51. Uliza kwanza ni asilimia 80 ya nini. Kampuni nyingi za aina hiyo hazina injini yao ya kutafuta. Huchukua matokeo na matangazo kutoka kwa injini kubwa kwa mkataba, nao wanakugawia wewe sehemu ya kile walichogawiwa. Chukua mfano: mtangazaji amelipa shilingi 100, injini kubwa ikabaki na 50, dalali, yaani hiyo kampuni ya nje, akapokea 50. Asilimia 80 ya 50 ni shilingi 40. Kwa hiyo "80" yao inaweza kuwa ndogo kuliko "51" ya kwenda moja kwa moja. Bado hujaambiwa kiwango chao cha chini cha kulipa, muda wanaoshikilia pesa, wala njia watakayoitumia kukulipa ukiwa Kigoma.

Kuna hatari nyingine ambayo ni nzito kuliko asilimia. Msimbo wa kampuni usiyoijua, yaani yale maagizo ya kompyuta wanayokupa ubandike, ukiuweka kwenye tovuti yako, unafanya chochote unachoruhusiwa kufanya ndani ya ukurasa wako: kumhamisha mgeni kwenda tovuti nyingine, kufungua dirisha la kamari, kumshawishi aongeze kitu kwenye kivinjari chake kitakachobadilisha ukurasa wake wa mwanzo. Mgeni hatalaumu kampuni asiyoijua, atakulaumu wewe. Tovuti ya bei inaishi kwa kuaminika. Mchuuzi aliyefungua kuona bei ya dumu la mawese akakutana na kamari hatarudi, na sokoni Mwandiga habari hiyo itamtangulia.

Sasa uzito wa tovuti. Kisanduku cha Google, ambacho siku hizi kinaitwa Programmable Search Engine, kinavuta msimbo kutoka kwenye seva za Google kila ukurasa unapofunguka. Kwa simu ya bei ndogo yenye mtandao wa kusuasua, mgeni anaona ukurasa unachelewa kutulia, na bando linaliwa hata na yule ambaye hakutaka kutafuta kitu. Hilo lina dawa, nitaitaja chini. Lisilo na dawa ni lingine: kisanduku hicho kinaonyesha tu kurasa ambazo Google imeshazipitia na kuziweka kwenye faharasa yake. Ukiweka bei ya dagaa saa moja asubuhi, mtu akitafuta saa mbili huenda akaletewa bei ya wiki iliyopita. Kwa tovuti ya mapishi hiyo si hoja. Kwa tovuti ya bei, umemdanganya mteja bila kukusudia. Utafutaji wa WordPress wenyewe unasoma hifadhidata yako moja kwa moja, kwa hiyo bei ya asubuhi inaonekana pale pale ulipobonyeza kuchapisha.

Ndiyo maana nasema tumia huo uliokuja na WordPress. Huhitaji kulipa wala kuongeza msimbo wa mtu. Ila ujue udhaifu wake, hasa kwa Kiswahili. WordPress hutafuta herufi kama zilivyoandikwa ndani ya kichwa cha habari, dondoo na makala. Haijui umoja na wingi. Mtu akiandika "mgebuka", makala yako yenye neno "migebuka" peke yake haitatokea, maana herufi hizo kwa mpangilio huo hazimo. Akiandika "kusafirisha", hatapata makala yenye "usafirishaji". Halafu akiandika maneno mengi, WordPress inataka yote yawemo: "bei dagaa Katonga" haitatoa kitu kama makala ina "bei" na "dagaa" lakini "Katonga" haikutajwa.

Kuna njia mbili za kulitibu. Ya kwanza ni kuandika makala ukiikumbuka tabia hiyo: weka umoja na wingi wote ndani ya aya ya kwanza kwa namna inayosomeka, taja mwalo au soko kwa jina, na taja kipimo kama wanavyokiita wanunuzi, iwe kisado, gunia au dumu la lita 20. Ya pili ni plagini (programu ndogo ya kuongezea WordPress) ya Relevanssi, toleo la bure, ambalo linakuruhusu kuandika orodha ya visawe: mgebuka sawa na migebuka, mawese sawa na mafuta ya mawese, boti sawa na meli. Inajenga faharasa yake ndani ya hifadhidata na kuongeza ukubwa wake, kwa hiyo kabla ya kuiwasha angalia nafasi uliyobakiwa nayo kwa mwenye seva, na chukua nakala ya akiba. Ukiwa na makala mia mbili tatu huna haja ya kuogopa. Ukiwa na maelfu, ifanye usiku wageni wakiwa wachache.

Tuje kwenye maneno wanayoyaandika, maana hapa ndipo faida yako ilipo. Kila anayetafuta anakuandikia kwa mkono wake kitu alichokikosa. Kama una Google Analytics, ile huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, fungua mipangilio ya mtiririko wa data, angalia kama upimaji wa matafuto ya ndani umewashwa. Inatambua yenyewe herufi "s" ambayo WordPress huiweka kwenye anwani, na kila tafuto litaingia kwenye ripoti kwa jina view_search_results. Kama huna Analytics, omba kumbukumbu za seva yako na utafute mistari yenye "?s=". Utakuta pia takataka za roboti, maneno ya kamari na anwani za tovuti za ajabu. Zipuuze.

Yaliyobaki yasome kila Jumatatu. Utaona vitu viwili. Kuna maneno yaliyotafutwa yakapata jibu lakini watu hawakuliona kwenye ukurasa wa mbele; hayo yapandishe juu kwenye menyu. Na kuna maneno yaliyotafutwa yakatoka patupu. Hizo ndizo makala zako za wiki ijayo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, swali la mfanyabiashara wa dagaa halikuwa bei tena. Alitaka kujua ziwa linafunguliwa lini, na dagaa wa akiba wanapatikana wapi. Mwenye tovuti anayesoma matafuto yake analiona swali kama hilo likianza kujitokeza kabla halijawa la kila mtu. Vivyo hivyo nyakati za mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzika na mzigo ukapungua.

Maneno hayo hayo ndiyo yatakayokupa hela, kwa njia nyingine. Ukiwa na orodha ya miezi mitatu inayoonyesha kwamba watu wengi wanatafuta nauli, nenda kwa wakala wa tiketi mjini umwonyeshe. Wakitafuta malazi, nenda nyumba za wageni za karibu na stesheni na bandarini. Wakitafuta vifungashio au usafiri wa mzigo kwenda Tabora na Dar es Salaam, nenda kwa wenye biashara hizo. Nafasi moja ya tangazo ukiiuza shilingi 20,000 kwa mwezi imekupa kwa siku thelathini kile ambacho mgawo wa kutafuta, kwa hesabu yetu ya kwanza ya senti saba, usingekupa kwa miaka kadhaa. Andika wazi kwamba ni tangazo, toa risiti, na usikubali mtu anunue nafasi ili bei unayoiandika imwendee yeye vizuri.

Pengine umesoma yote haya na bado unataka kujaribu cha Google, kwa sababu unafikiria kupanua tovuti iwe na wageni wa nje wanaokuja Gombe na Mahale. Hoja hiyo ina uzito, maana "hoteli" na "safari" ni maneno yenye wagombea, na mtafutaji aliyeko Ulaya anafikiwa na watangazaji wengi kuliko aliyeko Ujiji. Basi fanya hivi. Tovuti iwe imekubaliwa na AdSense kwanza. Kabla ya kuomba, angalia kwenye orodha yao lugha zinazokubalika na uhakikishe lugha kuu ya kurasa zako imo. Tengeneza injini kwenye Programmable Search Engine, iwekee mipaka itafute tovuti yako tu, kisha iunganishe na akaunti ya AdSense kwenye sehemu ya matangazo. Usipoiunganisha matangazo yataonekana na hela yote itabaki kwao. Kwenye kila ukurasa weka fomu nyepesi tu yenye sehemu moja ya kuandika iliyopewa jina "q", inayompeleka mgeni kwenye ukurasa mmoja wa matokeo. Msimbo wa Google uweke kwenye ukurasa huo wa matokeo peke yake. Hiyo ndiyo dawa ya uzito niliyokuahidi: asiyetafuta halipii kitu.

Ukishaweka, usibofye tangazo lako hata kwa kujaribu, wala usiwaombe ndugu kwenye kundi la WhatsApp wakusaidie kubofya. Usijaze neno tayari kwenye kisanduku, wala kuandika "bofya hapa utuunge mkono". Mibofyo ya aina hiyo inatambulika kirahisi, hasa kwa tovuti ndogo ambayo kwa kawaida ina mibofyo miwili kwa mwezi halafu ghafla ina arobaini kutoka mji mmoja. Akaunti inafungwa na salio linarudishwa kwa watangazaji. Kuifungua tena ni kazi ngumu.

Salio likifika dola 10 Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Andika S.L.P. yako sawasawa tangu siku ya kwanza, na kama unatumia sanduku la ofisi au shule, mwambie mtunza sanduku mapema. Miezi minne ikipita bila kuingiza namba, matangazo yanasimamishwa. Jina la akaunti ya AdSense lifanane na la akaunti ya benki herufi kwa herufi. Kabla ya kuandika taarifa za malipo, nenda tawini uulize namba ya SWIFT (inayoitambulisha benki yako kimataifa), makato ya kupokea fedha kutoka nje, na kama akaunti yako ya shilingi inapokea dola. Kuna watu wanakatwa sehemu nzuri ya dola mia yao ya kwanza kwa kutouliza.

Kuna mambo ambayo mimi kwa mbali sitakumalizia. Kodi: mapato haya, ya Google au ya wakala wa tiketi, ni mapato ya biashara, kwa hiyo pita ofisi ya TRA mkoani ukiwa na TIN yako waangalie unaingia kundi gani. Leseni: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, pamoja na marekebisho yake, zinamgusa anayechapisha habari na matukio. Bei na ratiba ni jambo moja; ukianza kuandika habari za mji ni jingine, kwa hiyo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa maandishi. Faragha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na watu huandika majina na namba za simu kwenye visanduku vya kutafutia kuliko unavyodhani. Weka ukurasa wa faragha unaosema unahifadhi nini na kwa muda gani, na matafuto yenye namba za watu yafute. Kama tovuti imeanza kupeleka wageni kusikojulikana kwa sababu ulishauweka ule msimbo wa kampuni, usihangaike peke yako: uondoe, badilisha nywila zote, kisha tafuta fundi anayekaa na wewe mezani akague faili moja moja.

Barua pepe yao unaweza kuijibu kwa maswali manne. Matangazo yanatoka kwenye injini gani? Asilimia 80 inahesabiwa baada ya nani kukata? Mnalipa salio likifika kiasi gani, baada ya siku ngapi, na kwa njia gani mtu akiwa Tanzania? Na mistari gani niiweke kwenye faili langu la ads.txt? Hilo la mwisho ni faili linalotaja wazi nani anaruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti yako, na kampuni halali ina mistari hiyo tayari. Wakikujibu yote manne kwa maandishi, nitumie nisome. Wakijibu kwa kukuhimiza uweke msimbo kwanza halafu mtaongea, futa barua hiyo.